Kiko cha mzeituni na kiko cha braya: mbona kimoja kinaniunguza kiganja na kingine kimetulia?

#1 Mzee_Kijenge

Wakuu, habari za jioni.

Nina viko viwili vya kuvutia tumbaku mezani na vimeninyima usingizi. Cha kwanza ni cha braya, ile mbao ya viko vya Ulaya. Marehemu baba alikipata kwa Mgiriki aliyemfanyia kazi kwenye shamba la kahawa upande wa Moshi. Maandishi ya pembeni yamefutika, limebaki neno moja tu, "Bruyère". Baba alikivuta mpaka kikawa cheusi kama sufuria ya maharage, na mimi nakivuta mwaka wa tisa sasa.

Cha pili ni cha mzeituni, kipya, kimekerezwa hapahapa Arusha. Nilikilipia elfu thelathini na tano baada ya masika. Ni kizuri hasa! Mistari ya kahawia imezunguka kama moshi uliogandishwa.

Tumbaku ni ileile. Nachanganya mwenyewe, jani la Tabora kwa wingi na la Songea kidogo, lile linalokaushwa kwa moshi wa kuni. Cha mzeituni majuma matatu ya kwanza kilinipa utamu fulani ambao cha braya hakijawahi kunipa. Lakini kikifika dakika ya kumi na tano hakishikiki, nahamisha mkono kama mtu aliyebeba chai kwenye kikombe cha bati. Cha braya nakishika mpaka majivu.

Cha mzeituni ndicho kizito zaidi. Mimi siku zote nilijua mti mgumu na mzito ndio unaovumilia moto. Sasa naomba kujuzwa: ni mti, ni fundi, au ni mimi?

#2 Sekei77

Nimeweka kigoda, nasubiri wataalamu.

#3 FundiKereza

Mzee shikamoo. Mimi nakereza mbao mtaa wa Unga Ltd hapa Arusha, miguu ya vitanda, nguzo za ngazi, na viko nimeshatengeneza kama ishirini hivi. Kabla hatujaulaumu mti naomba majibu matatu.

Ukuta wa bakuli una unene gani? Pima kwenye mdomo, halafu ukadirie kule chini moto unakokaa.

Ule ubao ulikauka muda gani? Mafundi wengi hapa mjini wanaletewa kigogo leo, kesho kutwa kiko kwenye mashine. Mti mbichi ukiutia moto, maji yaliyomo ndani yanageuka mvuke, na mvuke unachoma kuliko moshi mkavu. Mikono yako inapata habari kabla ya ulimi.

Tatu, kinakoroma ukivuta?

#4 Mwl_Fizikia_Moshi

Mleta uzi, hapo kwenye "mti mzito unavumilia moto" umechanganya mambo mawili. Kuvumilia moto ni kutokuungua. Kuzuia joto lisifike mkononi ni jambo jingine, na mara nyingi yanapingana.

Mbao inazuia joto kwa sababu ya hewa iliyofungiwa kwenye vinyweleo vyake. Kadiri mbao inavyokuwa nzito, hewa inapungua na joto linapita haraka. Ndiyo maana mpini wa mwiko wa mti mwepesi haukuchomi. Mzeituni ni miongoni mwa mbao nzito, ukikauka vizuri unakaribia uzito wa maji. Kwa maelezo yangu kesi imekwisha: ni mti.

#5 KahawaChungu

Mwalimu umenena. Na braya ni mzizi wa mti wa waridi, ndiyo maana una harufu nzuri na haupati joto.

#6 Mzee_Kijenge

Fundi marahaba. Nimeazima kipimo cha fundi magari jirani yangu. Cha mzeituni mdomoni ni milimita 5 na ushee. Cha braya ni 8, na kwa chini naona kinazidi hapo. Ubao sijui ulikauka muda gani, fundi aliniambia "umekauka huo mzee", nami sikuuliza zaidi. Kukoroma kinakoroma, hasa nusu ya mwisho.

#7 FundiKereza

Milimita 5! Mwalimu, naomba ufungue tena hiyo kesi. Huwezi kulinganisha blanketi na shuka halafu ukasema tatizo ni pamba.

#8 Tongoni_Tanga

Samahani kuingilia wenyeji wa milimani. Mnasema "bakuli la kiko", sisi pwani tuna neno lake, *bori*. Bori ndiyo inayokaa moto na tumbaku. Kwenye kiko cha maji cha wazee wetu bori ilikaa juu ya *digali*, yaani mrija ulioshuka mpaka kwenye chombo cha maji, na ule mlio wa maji ukivuta unaitwa *malio*. Kwa hiyo mzee, kiko chako hakikoromi. Kinatoa malio na hakina hata maji.

#9 BintiMachame

Tongoni ahsante kwa bori, nimeichukua.

Mzee Kijenge, viko viwili mezani na hulali? Bibi yangu Machame alikuwa na kimoja cha udongo, alikinunua sokoni kwa akina mama wa Kipare, mrija wake ulikuwa wa mti uliotobolewa kwa waya wa moto. Kilipasuka bori akanunua nyingine, mrija ukabaki uleule miaka na miaka. Hakuwahi kulalamika joto. Alikishika kwenye mrija, siyo kwenye bori! Jaribu kushika kama bibi.

#10 MbaoNaMisitu

KahawaChungu, naomba nikurekebishe kwa heshima maana kosa hili limeenea sana. Braya siyo waridi. Kosa linatokana na jina la Kiingereza, *briar*, ambalo linafanana na la miba ya waridi, lakini asili yake ni hilo neno la Kifaransa mzee amelikuta kwenye kiko, *bruyère*. Mti wenyewe kitaalamu ni *Erica arborea*. Na kinachotumika siyo mzizi hasa, ni uvimbe mgumu unaoota pale shina linapokutana na mizizi, kama nundu iliyofukiwa. Mti unahifadhi maji na chakula humo, ukiungua kwa moto wa msituni unachipua tena kutoka kwenye ile nundu.

Nundu ya kufaa kiko inataka miaka thelathini na kuendelea. Wanachimba Corsica, Calabria, Ugiriki, Algeria, Morocco, kote pembezoni mwa Mediterania. Halafu sikilizeni sehemu hii: wanaikata vipande na kuvichemsha kwenye maji kwa saa nyingi, nusu siku mpaka siku nzima, kutoa utomvu na ule uchungu unaokausha ulimi. Kisha vinakaushwa taratibu kivulini kwa miezi, vingine miaka. Mji wa Saint-Claude kule Ufaransa umeishi kwa kazi hii tangu katikati ya karne ya 19.

Kwa hiyo tunalinganisha kipande kilichochemshwa na kupumzishwa na kipande ambacho hatujui kama kilikauka hata mwezi. Sijaongea unene bado. Tofauti kubwa ni *maandalizi*.

Halafu mzee, una uhakika ni mzeituni? Na mzeituni upi?

#11 Mzee_Kijenge

Fundi alisema mzeituni. Upo mwingine?

#12 MbaoNaMisitu

Wapo. Mzeituni wa zeituni za kula, ule wa Palestina na Ulaya, hapa kwetu ni wa kutafuta kwa tochi. Kuna mzeituni pori, ndugu yake kabisa, Wamaasai wanauita *oloirien*. Umepinda, mfupi, jani juu kijani chini rangi ya dhahabu iliyofifia. Na kuna *loliondo*, jamaa wa ukoo huohuo wa mizeituni, lakini huo ni mti mrefu ulionyooka, ndio unaopasuliwa mbao za sakafu na samani. Fundi anaweza kuuita mzeituni bila kukudanganya. Mistari ikiwa imejikunja sana, nyeusi juu ya kahawia ya asali, nabashiri oloirien. Ikiwa imelala kwa utulivu kama mbao ya meza, ni loliondo.

#13 Oloirien_Monduli

Mmetaja jina langu ikabidi niingie.

Mzee anasema majuma matatu ya kwanza alisikia utamu asioujua. Mimi naujua. Mama yangu akisafisha kibuyu cha maziwa anachukua kijiti cha oloirien, anakichoma mpaka ncha iwe kaa jekundu, anakiingiza kibuyuni na kusugua ndani kote, kisha anakung'uta majivu na kufuta. Maziwa yakiwekwa humo hayaharibiki upesi na yanakuwa na harufu ya moshi mtamu. Kila mtoto wa boma anaijua harufu hiyo kabla hajajua jina lake.

Nilipovuta kiko cha oloirien mara ya kwanza, nikiwa mtu mzima na familia, nilikaa kimya. Nilisikia kibuyu cha mama.

Kwa hiyo huo utamu hautoki kwenye tumbaku. Ni ukuta wa ndani unaungua kidogokidogo. Majuma matatu, kisha ukoko unafunika mbao na harufu inapotea. Ndivyo ilivyokuwa kwangu.

Kuhusu ugumu, rungu nililonalo ni la oloirien, babu alilichonga kutoka kwenye mzizi. Halijawahi kupata ufa. Ila alilikausha kwenye dari juu ya meko kwa muda mrefu sana, sisi watoto tukawa tunaliangalia tu.

#14 Sekei77

#13 ndiyo post ya siku. Nimesogeza kigoda mbele.

#15 Mwl_Fizikia_Moshi

Nakubali unene unahusika, fundi. Sikubali kwamba msongamano wa mbao hauhusiki. Ukipata bori mbili za unene mmoja, moja mzeituni moja braya, zote kavu, tumbaku ya uzito mmoja, mvutaji mmoja, nitakubali utakachopima. Mpaka hapo kila mmoja anashika mguu wake wa tembo, kama vipofu wa ile hadithi.

#16 NesiMstaafu_KCM

Wapendwa, sitawaharibia uzi ila moyo hautaniruhusu kupita kimya. Nimeuguza vinywa. Watu wanadhani kiko si sigara kwa sababu moshi haumezwi. Midomo, ulimi, fizi na koo havijui hiyo tofauti, saratani ya kinywa huwapata wavuta kiko pia. Mzee Kijenge, kidonda chochote mdomoni kisichopona kwa majuma mawili mpaka matatu, nenda ukaangaliwe. Na huo ulimi unaochomwa na mvuke kila siku, uhurumie.

#17 Mzee_Kijenge

Dada Nesi nimekusikia na ninakushukuru kwa dhati. Navuta kimoja jioni, barazani, wajukuu wakiwa ndani. Nitaenda kuangaliwa kinywa, sijawahi.

#18 Mpagazi_Marangu

Wakuu nimesoma #10 mara tatu. *Erica arborea*? Mbona huo upo mlimani kwetu Kilimanjaro!

Nabeba mizigo njia ya Marangu mwaka wa kumi na mbili. Ukitoka kambi ya Mandara mita 2,700 na ushee, msitu mkubwa ukiisha unaingia kwenye miti ile yenye majani membamba kama sindano, imening'iniza ndevu za kijivu. Waongozaji wanawaambia wageni ni *Erica*, zipo aina kadhaa. Inaanza mirefu, kadiri unavyopanda kuelekea kambi ya Horombo mita 3,720 inageuka vichaka vya kiunoni. Baada ya moto wa Oktoba 2020 nilipita nikaona mashina meusi matupu, na baadaye kwenye baadhi ya mashina vichipukizi vya kijani vimetokea chini kabisa, karibu na udongo. Sikujua kwamba pale chini ndipo penye kiko.

Yaani tunaagiza viko kutoka Ulaya na mti wenyewe tunaukanyaga kila juma?

#19 KahawaChungu

Aisee! Waridi nimeliacha rasmi. Sasa hiyo nundu si iletwe tukereze?

#20 MbaoNaMisitu

Hapana, hapana. Ile ni hifadhi ya taifa, kuchomoa hata ua ni kosa. Na sababu si sheria tu. Ile miti ya *Erica* inakinga ukungu na kudondosha maji ardhini, mifereji ya Machame na Kibosho inakunywa kutoka huko. Mioto imekuwa ikiushusha ukanda wake mlimani kwa miongo mingi, na 2022 uliungua tena. Ukichimba nundu umeua mti, maana nundu ndiyo akiba yake ya kufufuka. Nundu moja ya miaka hamsini inatoa viko vichache, mtu mmoja anavimaliza mbele ya runinga.

Mpagazi yuko sahihi lakini, *Erica arborea* imetoka kwetu huku Afrika ya mashariki na Ethiopia mpaka Mediterania. Braya ni ndugu yetu aliyesafiri.

#21 BintiMachame

Mbao umenigusa kwenye mfereji. Asisogeze mtu jembe kule juu, tafadhali. Ndizi za bibi zinategemea ukungu huo.

#22 Mpagazi_Marangu

Dada ondoa shaka, siwezi. Natazama tu kwa jicho jipya.

#23 Kaloleni_Mkongwe

Vijana mmezunguka kote mmesahau Arusha yenyewe ilikuwa mji wa viko. Mlikuwa hamjazaliwa. Hapa kulikuwa na Tanganyika Meerschaum Corporation, wakitengeneza viko vya lile jiwe jeupe jepesi lililochimbwa Sinya, kule Longido mpakani na Amboseli. Viko vyao viliitwa *Kiko*, neno letu hilihili, na alama yake ni tembo. Watu wa Ulaya na Marekani walikuwa wanavuta kitu kimeandikwa Kiko bila kujua maana yake ni kiko.

Vingine vilikuwa vya braya ndani yake mmewekwa bori ya jiwe, vingine vimevalishwa ngozi. Shemeji yangu alinipa kimoja kilichovalishwa ngozi. Hicho, mzee Kijenge, hakijui joto! Jiwe lina vinyweleo vingi, linanyonya unyevu wote, na unaweza kukijaza tena hapohapo bila kukipumzisha. Mbao yoyote, mzeituni au braya, lazima ipumzike siku moja mpaka mbili ikauke.

Je, unakipumzisha? Nashuku hapo.

#24 Mzee_Kijenge

Mkongwe, shikamoo. Hapo umenipata. Cha braya nakivuta Jumamosi na Jumapili tu kwa heshima ya baba. Cha mzeituni nakivuta kila jioni, Jumatatu mpaka Ijumaa, bila siku ya mapumziko. Sikuwahi kufikiria kwamba nakilinganisha kilichopumzika na kilichochoka.

#25 FundiKereza

Basi una mti mbichi, ukuta mwembamba, na kiko kisicholala. Wewe mwenyewe ungechemka.

#26 Sakina_Mchongaji

Nachonga vinyago, naongeza yangu ya uchungu. Nilitengeneza kiko cha mpingo. Nikawaza, mpingo ndio mfalme, ukiutupa majini unazama, wazungu wanaufanyia klarineti, utashindwaje na tumbaku? Kilipendeza mno. Mara ya nne nilipokiwasha kikatoa "tak!" ufa kutoka mdomoni mpaka shingoni. Mpingo una mafuta mengi na hauna pa kupumulia. Ndani ulipata joto ukatanuka, nje ukabaki baridi, ukaachia. Na vumbi lake lilinikohoza juma zima.

Kwa hiyo hoja ya mwalimu kwamba mti mzito si lazima uwe mti wa kiko mimi nimeilipia kwa kipande cha mpingo.

Mzeituni nimechonga bakuli na miiko mingi. Una mafuta pia, ila unapumua kidogo. Ukikaushwa haraka juani unapasuka mwishoni mwa kigogo, kila mara. Mimi napaka nta kwenye ncha zote mbili na kuacha kivulini, na ubao wa unene wa inchi moja naupa mwaka.

#27 Ngaramtoni_Upepo

Wote mmesahau urefu wa mahali. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari. Hewa nyepesi, oksijeni chache, tumbaku inawaka kwa shida, mtu anavuta kwa nguvu zaidi, kiko kinapata moto. Baba yake mzee alivutia Moshi ambako ni chini.

#28 Mwl_Fizikia_Moshi

Ngaramtoni, viko vyote viwili mzee anavivutia Kijenge, baraza lilelile. Urefu wa mahali ungevigusa vyote.

#29 Ngaramtoni_Upepo

Isipokuwa kama kimoja kina tundu dogo la kupitishia moshi. Chenye tundu dogo kinataka nguvu zaidi, kikipelekwa juu kinazidi kutaka.

#30 FundiKereza

Hilo la tundu lisidharauliwe hata kama la mlima halijathibitika. Mzee, pitisha kijiti cha kusafishia kutoka mdomo wa kuvutia mpaka kwenye bori. Kikipita bila kukwama ni dalili nzuri. Halafu angalia tundu linatokea wapi ndani ya bori: chini kabisa sakafuni au limeinuka? Likiinuka, chini yake kunabaki kidimbwi cha unyevu, na malio yanatoka hapo. Mimi natoboa milimita 4, na ncha ya tundu inabusu sakafu.

#31 Mzee_Kijenge

Wakuu, nimerudi baada ya siku tisa, nilikuwa na kazi ya kufanya.

Kijiti kinakwama pale mdomo unapoingia kwenye shingo, mpaka nizungushe. Kwenye braya kinapita kama uzi kwenye shanga. Tundu la mzeituni limeinuka, nimeingiza njiti ya kiberiti nikakuta karibu milimita 3 za bonde chini yake, limejaa tope jeusi. Nimelisafisha.

Nikakipumzisha cha mzeituni siku tano. Cha braya nikakivuta siku tano mfululizo, baba anisamehe. Siku ya nne braya ilianza kupata joto na ulimi ukachubuka kidogo! Sikuwahi kuona hivyo. Siku ya sita nikawasha mzeituni uliopumzika, nikavuta polepole, nikahesabu pumzi kama Mwalimu angependa. Ulifika dakika ya ishirini na mbili kabla sijahamisha mkono.

Mwishoni mwa juma nilikwenda Moshi kwenye msiba, nikabeba vyote viwili. Ngaramtoni, nilivutia Soweto barabarani jioni na joto la Moshi unalijua. Sikuona tofauti ya kueleweka. Labda jasho lilinidanganya.

#32 Mwl_Fizikia_Moshi

Mzee, umefanya kazi kuliko wanafunzi wangu wa kidato cha nne. Dakika saba zimepatikana kwa kupumzisha, kusafisha na kuvuta polepole, ila umebadilisha vitu vitatu kwa pamoja, kwa hiyo hatujui kipi kimeleta ngapi.

#33 Kaloleni_Mkongwe

Mimi najua. Ni kupumzisha.

#34 FundiKereza

Ni lile bonde.

#35 MbaoNaMisitu

Na ukoko msiusahau. Braya ile ina ukoko wa miaka ya baba na mwana. Hiyo kaboni ni ukuta wa pili. Mzee, ukoko wa braya una unene gani?

#36 Mzee_Kijenge

Kama sarafu. Wa mzeituni ni kama karatasi, na upande mmoja haujashika kabisa, mbao inaonekana imeungua kahawia.

#37 FundiKereza

Hapo mzee simama. Huo upande usiendelee kuuchoma. Jaza theluthi moja tu ya bori kwa majuma mawili, kisha nusu, vuta mpaka chini ukoko uote kutoka sakafuni kwenda juu. Ukijaza mpaka mdomoni tangu mwanzo, juu inapata ukoko na chini inabaki uchi.

#38 Oloirien_Monduli

Mkimfundisha hivyo atapoteza ile harufu mapema. Mimi ningemwambia akwangue kidogo pale juu, aisikie tena.

#39 BintiMachame

Oloirien, atatoboa kiko cha watu! Milimita 5 hizo.

#40 Oloirien_Monduli

Kweli dada. Basi achukue kijiti cha oloirien akichome pembeni huku akivuta braya ya baba yake. Nasema kwa moyo wote, si mzaha. Atapata vyote.

#41 Mzee_Kijenge

Nimelifikiria hilo la kijiti usiku mzima.

Leo asubuhi nimepata kitu kingine. Jirani anabomoa uzio wa zamani wa ng'ombe huko Olmotonyi, nguzo zake ni mzeituni pori, zimesimama tangu babu yake. Amenipa kipande cha urefu wa mkono. Nje ni kijivu kama mfupa, nikakwaruza kwa kisu ndani ni asali. Hakina ufa hata mmoja. Ninakileta kwa FundiKereza Jumatano: ukuta milimita 8, tundu milimita 4, libusu sakafu. Mdomo wa kuvutia, wa ebonaiti (mpira mgumu), nitaung'oa kwenye kiko kibovu nilichonacho.

#42 FundiKereza

Karibu sana mzee. Njoo saa nne, umeme huwa umetulia. Angalia kama kuna misumari ya waya humo ndani, patasi zangu ni chache.

#43 Mwl_Fizikia_Moshi

Pima uzito wa kipande kabla na baada. Na naomba usisafishe wala kupumzisha braya kwa namna tofauti na hicho kipya.

#44 Sakina_Mchongaji

Ukibaki mkia wa hiyo nguzo, fundi, usiutupe. Nina mteja wa miiko.

#45 Oloirien_Monduli

Na vumbi la kukereza mniwekee kwenye mfuko. Mama ana vibuyu vitatu.